Mama Akaaye Ndani ya Mfupa

Sogeeni kidogo, aliye nyuma asije akalalamika kwamba hakusikia. Leo nina habari za Daktari Athanas Nkwabi, mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akiitazama damu. Wengi mlioishi Shinyanga mjini miaka ile mlimpita njiani bila kumjua: mtu mrefu, mwembamba, kola imenyooshwa vizuri na mkewe, Mwalimu Justa, lakini viatu vimejaa vumbi, anatembea macho chini kama aliyedondosha sindano. Habari yenyewe si ya kuchekesha, nawaambia mapema. Zipo sehemu mbili tatu za kucheka; zikifika, chekeni.

Alizaliwa kijiji kimoja upande wa Mwadui, nyumba ya wafugaji. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Nyumbani kilisemwa Kisukuma tu. Kiswahili alikianza shuleni, Kiingereza akakikuta kwa mapadri, na udaktari akausomea Kampala, miaka ile ambapo bendera yetu ilikuwa bado mpya. Basi zikakaa kichwani mwake lugha tatu, na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kisukuma kilikuwa cha kupenda na kukasirika. Kiingereza kilikuwa cha kazi. Kiswahili kilibaki cha kuongea na watu, na hicho alikiongea polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Kwenye kazi ya damu aliingia kwa msiba. Alikuwa daktari kijana, ana mwaka mmoja tu kazini, dada yake alipomletea mtoto wa kiume mwenye homa isiyokwisha na fizi zinazotoka damu. Wakamtibu malaria. Wakamtibu safura. Mtoto akazidi kupauka. Ndipo Athanas alipochukua tone la damu ya mpwawe, akalipaka kwenye kioo na kuliweka chini ya hadubini, akaona chembe nyeupe zimejaa kila mahali, kama kumbikumbi waliotoka baada ya mvua. Jina la ugonjwa alilijua, alikuwa amelisoma kitabuni: saratani ya damu. Ila kitabu kilisema jina tu, tiba hakikuitaja. Dada yake akarudi nyumbani na mtoto aliyefungwa kwenye shuka.

Baada ya hapo hakutaka kusomea kitu kingine. Akapelekwa Uingereza miaka michache, kusomea damu peke yake. Huko alikuta wataalamu wanaanza kufahamu jambo ambalo lilimnyima usingizi kwa furaha. Walisema damu haikai. Kila siku inakufa na kila siku inatengenezwa upya. Na yote, nyekundu na nyeupe, inatokana na chembe chache mno zilizojificha ndani ya uboho, ule uji mnono wa katikati ya mfupa. Chembe hizo hakuna aliyekuwa amezionyesha kwa kidole akasema hii hapa. Walizijua kwa uzao wake tu. Na saratani ya damu, wakasema, huenda ni moja ya hizo iliyopotoka, ikawa inazaa isichopaswa kuzaa.

Walimwambia abaki huko. Akashukuru, akarudi. Ilikuwa mwaka sitini na tisa. Safari yote ya treni kutoka Dar es Salaam alipakata sanduku la hadubini mapajani, na abiria mmoja akamwomba amfunulie amwone kuku wake.

Alipewa chumba nyuma ya stoo ya hospitali, chenye dirisha moja la upande wa mashariki. Hapo ndipo alipofanya utafiti wake wote. Watoto waliletwa kutoka Maganzo, Kahama, Sengerema, machimbo ya Geita. Aliwatoa uboho kwa sindano nene kwenye mfupa wa nyonga, akaupaka kwenye vioo, akaupa rangi, akautazama. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini dawa inasafisha damu yote ionekane safi kabisa, kisha ugonjwa unarudi? Aliamini kwamba dawa huua zile chembe zinazozaliana haraka, na ile iliyozizaa huwa imelala. Dawa inaipita. Aliandika hayo, na mara moja yakachapishwa kwenye jarida la ng'ambo. Nakala ilipofika kwa posta, Justa aliifunga kwenye nailoni, akaiweka pamoja na cheti chao cha ndoa, akamwambia mumewe kwamba sasa ana wake wawili.

Lakini watoto waliendelea kufa. Tusifichane. Dawa zilikuja kwa kudokolewa, kichupa leo, kingine baada ya miezi. Damu ilisafishwa, ugonjwa ukalala, dawa zikaisha, ugonjwa ukaamka. Kwa zaidi ya miaka kumi Athanas hakupata mtoto hata mmoja wa kumtibu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ndipo mwaka themanini na mbili rafiki zake wa masomoni wakachangishana na kumpelekea dawa za kumtosha mtoto mmoja kwa miaka yote mitatu inayohitajika. Mtoto mmoja. Na aliyefuata kuingia mlangoni alikuwa Mwasiti.

Mwasiti alikuwa na umri wa kuanza shule, binti wa Bashiri mwenye duka pale Maganzo, kando ya barabara, alimowauzia wachimba almasi makarai, chekeche na tochi. Mama yake, Chausiku, alikuwa mzaliwa wa Tabora, msichana mwembamba mwenye sauti ya chini, na mwenye mazoea ya kurudia polepole kila anachoambiwa ili asikisahau. Bibi mzaa baba, Mwahija, naye alikuwepo kila mara, na hakuna lililofanyika katika nyumba ile bila yeye.

Mtoto alikuwa na hofu kubwa ya sindano. Walijaribu wauguzi, alijaribu baba yake, ikashindikana. Chausiku alipojilaza naye kitandani na kuweka mdomo sikioni kwake, akimwimbia jambo ambalo wengine hawakulisikia, mtoto alitulia akachomwa hadi kwenye mfupa. Muuguzi Bhoke, Mkurya, mtu wa utani wa kila saa, akasema kama angekuwa na mama wa namna hiyo naye angekubali kuchomwa mkuki.

Dawa zikafanya kazi. Nywele zilidondoka, mtoto akatapika, lakini homa ikaondoka, na wiki chache baadaye Athanas akatazama kioo akaona damu safi. Alitazama tena. Akamwita Bhoke atazame, ingawa Bhoke hakuijua chembe hii wala ile. Siku hiyo alikwenda nyumbani mapema, Justa akadhani anaumwa.

Sasa sikilizeni hapa, ndipo penye habari.

Damu ilipokuwa safi, na mtoto anakimbia uani na kitambaa kichwani, Bashiri aliuliza jambo la haki kabisa: kama amepona, kwa nini ale vidonge miaka mitatu? Athanas akawakalisha wote watatu chumbani kwake awaeleze. Alitaka waelewe kweli, si watii tu. Tatizo lilikuwa neno. Ile chembe inayozaa damu yote alikuwa akiitaja kwa Kiingereza maisha yake yote. Kwa Kiswahili aliitengenezea jina mwenyewe, akitokea kwenye Kisukuma cha nyumbani, ambako mayu, mama, ndilo neno kubwa kuliko yote. Akaiita mama wa damu. Alilipenda sana jina lile. Bhoke alipolisikia mara ya kwanza alimwambia, "Daktari, Kiswahili chako kina kwato." Naye akamjibu kwamba afadhali kwato za ng'ombe kuliko panga la Kikurya. Wakacheka, ikaishia hapo.

Na jambo ambalo daktari hakulijua nawaambia mimi sasa. Chausiku alikuwa amezika watoto wawili wachanga kabla ya Mwasiti. Pale Maganzo jambo hilo lilikuwa halisemwi, ila lilikuwa linatazamwa. Bibi Mwahija hakuwa mtu mbaya, lakini kila mjukuu alipozikwa alimtazama mkwewe kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa.

"Damu ina mama yake," Athanas aliwaambia, kidole kwenye nyonga yake mwenyewe. "Anakaa humu, mfupani. Mama akiwa mzima, anazaa wazima. Huyu mama wa Mwasiti ameharibika. Wabaya aliowazaa tumewaua kwa dawa, lakini mwenyewe bado yupo, ametulia tu. Tukimwacha, atazaa wabaya tena."

Bashiri alimtazama mama yake. Mwahija alitazama mikono yake.

Chausiku ndiye aliyeuliza, kwa ile sauti ya chini, akirudia kama kawaida yake. "Kwa hiyo ubaya unatoka kwa mama."

"Ndiyo. Ni mama."

"Na mama akiondoka?"

"Mama akiondoka kabisa, mtoto anapona."

"Asirudi."

"Asirudi kamwe. Hiyo ndiyo kazi ya hizi dawa." Athanas alifurahi mno kueleweka. "Umeshika haraka, Mama Mwasiti. Nimewahi kuwaeleza madaktari wenzangu siku nzima wasinielewe."

Chausiku akamshukuru. Akauliza kama ni lazima vidonge vitolewe baada ya chakula, akaambiwa ndiyo, akarudia. Wakaondoka na dawa za kuwatosha mpaka miadi ijayo.

Bashiri alikuja kusimulia baadaye kwamba njiani kurudi Maganzo mkewe alitazama nje tu mpaka wakafika. Usiku ule alimwambia mkewe warudi wakamwulize daktari vizuri. Chausiku akamjibu kwamba daktari ameulizwa, tena mara tatu, na mara zote amejibu. Hapakuwa na ugomvi, hakuna talaka iliyoandikwa. Asubuhi alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akampikia uji wa ulezi na kumnywesha mpaka kikombe kikaisha. Akamwambia anakwenda kununua kitambaa cha gauni. Mwasiti akataka cha njano. Kisha Chausiku akavuka barabara, akasimamisha lori la pamba na kupanda nyuma juu ya marobota. Mwahija alisimama mlangoni akimwangalia. Angeweza kusema neno moja. Hakulisema.

Na sasa kosa likazaa kosa. Vidonge vilikuwa vinamtapisha mtoto, na bila mama yake kuvimeza ilikuwa vita. Mwahija akafikiri, na kwa kile alichokisikia hakufikiri vibaya: daktari kasema kazi ya dawa ni kumwondoa mama, mama ameondoka, basi mtoto anateswa kwa lipi? Akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kabati.

Athanas aliona miadi imepita. Akaona na ya pili imepita. Gari la hospitali halikuwa na petroli, miaka ile mnaikumbuka wenyewe, hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni. Akadandia basi mpaka Maganzo. Alimkuta Mwasiti amelala kwenye mkeka mbele ya duka, miguu imejaa madoa meusi, kama mtu aliyepigwa. Alimgusa fizi. Kidole kikatoka na damu.

Akauliza mama yake yuko wapi.

Mwahija alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si wewe uliyemwambia aondoke?"

Athanas akasema hakumwambia. Mwahija akasema alimwambia, mbele yao wote, na akamrudishia maneno yake moja baada ya moja, bila kuzidisha wala kupunguza: kwamba mama wa Mwasiti ameharibika, kwamba anazaa wabaya, kwamba yumo mfupani mwa mtoto (hapo akauliza, ni nani asiye na mama yake mfupani?), na kwamba akiondoka asirudi, mtoto atapona. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Palikuwa na gunia la chumvi, akalikalia. Bashiri alikuja kusema kwamba hajawahi kumwona mtu mzima akizeeka mbele yake hivyo, akiwa amekaa tu.

Wakamrudisha mtoto hospitali. Dawa zile zile, sindano zile zile. Lakini ugonjwa huu, nilivyoelezwa, ukikatiziwa dawa ukiwa umelala, huamka na akili. Chembe zilizobaki zilikuwa zile zilizoijua dawa. Athanas alitazama vioo kila asubuhi kwenye dirisha lile la mashariki, na kila asubuhi wale kumbikumbi walikuwa wengi zaidi. Na kila sindano ilipokuja mtoto alimwita mama yake, wakamshika wanne. Bhoke aliacha utani. Wodi nzima ikaona.

Mwisho Athanas alijua kwamba hatamponya. Lililobaki lilikuwa moja tu, ampelekee mtoto mama yake angali hai. Wachimbaji waliopita dukani kwa Bashiri walisema Chausiku anapika chakula kwenye machimbo fulani upande wa Geita. Bashiri alikwisha kumfuata mara moja. Chausiku alipomwona mumewe kwa mbali, alijificha mpaka Bashiri akaondoka. Basi daktari akasema atakwenda mwenyewe, kwa kuwa aliyemtuma ndiye anayepaswa kumrudisha.

Alipanda malori, akavuka kivuko pale Busisi, akapanda malori tena. Machimboni alishuka na tai shingoni. Mchimbaji mmoja, mwili mzima umegeuka rangi ya udongo, alitoa kichwa kwenye duara, maana shimo la dhahabu huko huitwa duara, akamwuliza, "Mzee, umekuja kununua au kukamata? Tujue kama tupande au tushuke." Wenzake wakaangua kicheko. Athanas akasema anamtafuta mama mmoja anayepika, wa kutoka Maganzo. Mchimbaji akamwambia huku kila mtu anamtafuta mtu, lakini huyo mwenye wali usiogandana yuko pale kwenye turubai la bluu.

Chausiku alikuwa amekonda. Alikuwa anapakua maharage. Athanas akasimama mbele yake, akamwita, "Mama Mwasiti."

"Hapa hakuna mwenye jina hilo," alisema bila kuinua macho.

Kwenye kivuko alikuwa ameandaa maneno mengi. Yakapotea yote. Akamwambia tu kwamba amekosea. Kwamba yule mama aliyemtaja siku ile si mtu. Ni chembe ndogo isiyoonekana, iliyo mfupani mwa kila mmoja, hata mwake yeye, hata mwa hawa wachimbaji. Kwamba jina la mama aliipa yeye mwenyewe, kwa kukosa neno.

Chausiku akaweka mwiko chini. "Ukatafuta majina yote duniani, ukaona hilo."

Athanas akatazama vumbi la viatu vyake.

"Hajambo mwanangu?"

"Ugonjwa umerudi."

"Umerudi, na mimi sipo," alisema polepole. "Basi siyo mimi."

"Siyo wewe. Haikuwa wewe hata siku moja. Wala wale wawili wa kwanza." Hao wawili alikuwa amesimuliwa na Bashiri.

Chausiku akapangusa mikono kwenye khanga, ingawa ilikuwa imekauka zamani. Kisha akauliza lile ambalo Athanas alikuwa akiliogopa tangu Shinyanga. "Nikirudi, atapona?"

Hapo, wapenzi wangu, mtu mwingine angesema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na angekuja mbio. Lakini Athanas alikuwa amekwisha kumwambia mama huyu mara moja kwamba jambo fulani litamponya mwanawe.

"Hapana," alisema. "Hatapona. Lakini anakuita."

Palikuwa na mtu na sahani yake anangoja. Chausiku akampakulia wali, akammwagia maharage juu, akapokea sahani ya mwingine. Akawahudumia wote waliokuwa kwenye foleni. Kisha akatoa kuni jikoni, akazimwagia maji, akamwambia mama wa turubai la jirani amtunzie sufuria.

Njia nzima alikaa mbali naye. Walipofika hospitali, Athanas akadhani wanakwenda wodini moja kwa moja, lakini Chausiku akagoma kuvuka mlango. Alisema daktari aitazame damu yake yeye kwanza. Maneno amekwisha kuyasikia, ya kwanza na ya pili, na yote yametoka kwenye kinywa kimoja. Athanas akamchukua chumbani kwake, akamchoma kidole, akapaka kioo, akakipa rangi. Akatazama. Akamwambia ni nzima, akampisha atazame mwenyewe. Chausiku akainama kwenye hadubini kwa muda mrefu. Aliona punje punje za pinki na za zambarau. Akasema ni nzuri kama kitambaa, lakini yeye hajui kusoma kitambaa.

Bhoke alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amejifungua miezi michache nyuma, na yaya wake alikuwa amemleta mtoto anyonye. Alimfungua mwanawe mgongoni mwa yaya, akaingia, akamweka mikononi mwa Chausiku. Kisha akarudi nyuma, akaegemea ukuta. Mtoto akamshika Chausiku kidevu, akavuta mtandio. Chausiku akamtazama Bhoke. Bhoke akamtazama tu. Walikaa hivyo mpaka mtoto akaanza kulilia ziwa, ndipo Chausiku akamrudisha kwa mama yake, akajifunga khanga upya, akaingia wodini.

Mwasiti alikuwa macho. Alimwangalia anavyokuja mpaka alipofika kitandani.

"Umekipata kitambaa?"

"Cha njano nimekikosa," Chausiku alimwambia. "Nimezunguka kote."

"Hata cha bluu kingefaa," mtoto akasema, akasogea ukutani ili mama yake apate nafasi ya kulala.

Athanas alisimamisha sindano za mfupa. Akabakiza za kupunguza maumivu, na hizo mtoto hakuzilalamikia tena. Mama na mwana walilala kitanda kimoja, wakanong'onezana siku nzima, na hakuna aliyejua wanaambiana nini. Mwahija alikuja na chakula kila siku, anakiweka mlangoni, anakaa nje kwenye benchi. Siku moja Chausiku alitoka, akakaa karibu naye. Mwahija akaanza kulia na kuomba msamaha, akisema yeye alijua neno la kumzuia na alilimeza. Chausiku akammiminia maji kwenye kikombe, akamngoja anywe. Hakusema amesamehe. Alimngoja tu anywe.

Mtoto alifariki kabla ya adhuhuri, mikononi mwa mama yake, akiwa ameshika sikio lake. Alizikwa Maganzo siku ile ile. Daktari, ingawa ni mtu wa kanisani, alikwenda makaburini na wanaume wa Kiislamu, akatia udongo, akarudi nyuma ya wote.

Matanga yalipoanuliwa, Chausiku alisimama kando ya barabara na kifurushi chake, anangoja lori la kumrudisha machimboni. Bashiri alimwomba abaki. Alimjibu kwa upole kwamba atakuja, ila si sasa; nyumba ile ina mlango ambao kila akiutazama bado anajiona akitoka. Athanas akavuka barabara kumuaga. Akabaki amesimama naye wakitazama upande litakakotokea lori.

Chausiku ndiye aliyezungumza. "Daktari, huyo wa mfupani. Umewahi kumwona kwa macho yako?"

"Sijamwona. Hakuna aliyemwona."

"Mmejuaje ni mbaya?"

"Kwa watoto wake. Tunaona watoto, tunasema aliyewazaa ni fulani."

Chausiku akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za ndugu yake wa mbali. "Basi hata yeye ni mtu wa kusingiziwa," alisema.

Lori likaja. Akapanda bila kusaidiwa.

Haya Athanas alimwambia mkewe, na Mwalimu Justa ndiye aliyenipa. Alisema mumewe alilirudia lile neno la Chausiku kwa siku nyingi, mezani, bafuni, akijaribu kulijibu kisayansi, na hakuweza. Kazi hakuiacha. Zilizobaki katika dawa za Mwasiti zilikuwepo kabatini, na Jumatatu iliyofuata benchi la nje halikuwa tupu. Alikuwapo mtoto wa kiume wa kutoka Kahama, amelala mapajani mwa baba yake, fizi zimevimba, na mama yake amesimama nyuma yao na sufuria ya uji. Daktari akatoa kioo kwenye hadubini. Akawaita ndani wote, akawavutia viti, akamwomba mama naye akae, asisimame. Wakamtazama mdomoni, wakingoja. Naye akakaa mbele yao, mikono magotini, akitafuta neno la kuanzia, na kwa muda mrefu hakulipata.